Gia Sita Uriri: Impreza ya Zamani Yapata Uti wa Mgongo

Wapenzi wa Subaru, hii si tetesi tena. Impreza WRX ya mwaka 1998, umbo la GC8, milango minne, buluu iliyopauka kidogo kwenye boneti, inatembea Uriri ikiwa na giaboksi ya gia sita ya STI, nami nimeiendesha! Boksi zima limetoka Japani na limefungwa papa hapa, kando ya barabara kuu ya A1 inayotoka Isebania na Migori kwenda Awendo, Rongo na Kisii. Fundi aliyelifunga hana lifti. Ana shimo la kuingilia chini ya gari, jeki, minyororo, vijana wawili wenye nguvu, na kichwa kinachojua hesabu. Nilikwenda nikitarajia makubwa. Nimekuta makubwa zaidi.

Nitoe hukumu yangu mapema maana siwezi kuibana. Ukiwa na WRX ya zamani na mfuko unaoruhusu jambo moja tu, usinunue turbo kubwa. Usiguse kompyuta ya injini. Egzosi ya kunguruma iache dukani. Nunua giaboksi hii kwanza, halafu hayo mengine yatakuja yakikuta mahali pa kukaa.

GC8 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992 na injini ya EJ20: lita mbili, turbo, silinda nne zimelala, mbili huku mbili kule, na nguvu zinakwenda magurudumu yote manne. Sisi hatukuhitaji kuelezwa uzuri wake kwa vipeperushi. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally akiwa wa nne kwa jumla na Impreza ya Kundi N, yaani gari lililo karibu sana na lile unaloweza kulinunua dukani, katikati ya magari yaliyoandaliwa na viwanda vyenyewe. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari na Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza. Watoto wa enzi hiyo walikua wakiutambua mngurumo wa injini hiyo ya boksa kabla gari halijatokea kwenye kona, na wengi wao ndio leo wenye GC8 zilizobaki barabarani.

Lakini kila mwenye GC8 anaijua hofu moja. Unakanyaga, turbo inaamka, gari linaruka mbele, na moyoni unasikiliza kama boksi litavumilia. Giaboksi ile ya gia tano, ya familia ya TY75, ganda lake limegawanywa kwa urefu: nusu ya kushoto, nusu ya kulia, zimebanwa kwa bolti. Ndani shafti ni ndefu na gia ni nyembamba. Injini inaposukuma kwa nguvu, gia mbili zilizoshikana hutaka kutengana. Ganda likinyumbuka hata kidogo, meno hayashikani tena kwa upana wake wote, na mzigo unaangukia ukingoni. Hapo jino hukatika. Na kwa kuwa difu ya mbele imo ndani ya ganda hilo hilo na inaoga mafuta hayo hayo, kipande cha jino moja huzunguka humo kikitafuta beringi na kraunwili.

Magurudumu manne nayo yanazidisha adhabu. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili ukiliachia klachi kwa pupa, tairi zitateleza na mshtuko utaishia kwenye lami. Impreza haitelezi. Tairi zote nne zimeng'ang'ania, klachi imeng'ang'ania, na kinacholazimika kusalimu amri ni gia.

Boksi la zamani la gari hili bado liko pale gereji, limefunguliwa juu ya gunia. Nililiinamia. Gia ya tatu imebaki na pengo la meno mawili yaliyofuatana, na pale yalipokatikia chuma kinang'aa kijivu, chembechembe zake zinaonekana kwa macho. Nati ya kumwagia mafuta ina sumaku kwenye ncha yake, fundi aliniwekea kiganjani akasema, "Bosi, shika mwenyewe." Ilikuwa imejaa unga wa chuma mzito uliochanganyika na mafuta, na ndani ya unga huo vipande vidogo vyenye makali. Ukishakiona kitu hicho huulizi tena kwa nini mtu aagize giaboksi kutoka upande wa pili wa dunia.

Subaru wenyewe waliujua ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2000, Impreza STI ya umbo jipya ilipotoka Japani, ilikuja na giaboksi mpya ya gia sita, familia ya TY85. Hawakuongeza gia moja tu kwenye boksi la zamani, la hasha! Walianza upya. Ganda ni kubwa na nene, shafti zimenenepa, gia zimepanuka, na ndani kuna pampu inayosukuma mafuta hadi kwenye gia badala ya kungoja yarushwe na mzunguko. Mafuta yenyewe yanaingia takriban lita 4 ilhali boksi la zamani hunywa lita 3 na nusu. Sahani ya klachi imetoka milimita 230 hadi 240. Likisimama sakafuni pembeni ya lile la zamani, huhitaji kuambiwa lipi ni lipi.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani ni kazi ya kutoa boksi na kurudisha boksi. Sivyo. Ni mnyororo mzima, na ukiruka pete moja umepoteza pesa zako.

Kwanza urefu. Boksi la gia sita ni refu kuliko lile la tano, kwa hiyo propela ya zamani haiingii. Habari njema ambayo mafundi wa Subaru duniani kote wanaipenda ni kwamba propela ya Impreza ya otomatiki ina urefu unaofaa, na hizo hazina wagombea wengi. Ndivyo ilivyofanyika hapa. Maunti ya nyuma ya giaboksi nayo lazima ibadilishwe. Flaiwili na klachi ni za boksi jipya. Mkono wa gia na vyuma vyake vyote vinatoka kwenye STI. GC8 za mwanzo zinasoma mwendo kwa kebo, wakati boksi hili lina sensa ya umeme, kwa hiyo mwenye gari la miaka hiyo apange na fundi wa umeme mapema.

Halafu difu ya nyuma, na hili nitalisimamia kidogo kwa sababu ndilo linalotenganisha fundi na mbahatishaji. Giaboksi hii ina difu ya mbele yenye uwiano wa 3.90. WRX nyingi za GC8 zina difu ya nyuma ya 4.11, au hata 4.44. Ukifunga boksi hili na kuiacha difu ya nyuma ilivyo, mbele inataka kwenda kwa mwendo mmoja na nyuma kwa mwingine, kila sekunde, hata gari likienda moja kwa moja kwenye lami tambarare. Tofauti kati ya 3.90 na 4.11 ni zaidi ya asilimia 5. Difu ya kati, ambayo kazi yake ni kusawazisha tofauti ndogo kwenye kona, inageuka kuwa mtumwa asiyepumzika. Itapata moto mpaka ife, na ikifa imekufa ndani ya boksi uliloagiza kwa jasho.

Basi difu ya nyuma nayo imetoka kwenye STI: R180, yenye kraunwili ya milimita 180 badala ya 160 za R160 ya zamani, pamoja na ekseli zinazoikubali. Fundi hakutosheka na maneno ya muuzaji kwamba ni 3.90. Aliinua nyuma ya gari, akapiga mstari wa chaki kwenye flanji ya propela, akawaambia vijana wake wazungushe tairi zote mbili pamoja mara kumi huku yeye akihesabu kwa sauti kutoka shimoni. Propela ikizunguka mara 39, difu ni 3.90. Ikizunguka mara 41, umeuziwa nyingine. Alipofika 39 chaki ikasimama palepale ilipoanzia. Chombo cha kupimia hapo ni chaki na masikio! Nimeona karakana zenye vigae na viyoyozi ambako hatua hiyo inarukwa.

Jambo jingine alilonionyesha litawaokoa wengi. Klachi ya WRX hizi ni ya kuvuta, si ya kusukuma, na beringi yake imejifunga kwenye sahani ya juu. Ukijaribu kulitenga boksi na injini kwa nguvu kabla hujaiachilia, unavunja uma wa klachi. Kuna kizibo kidogo ubavuni mwa boksi. Unakifungua, unaingiza bolti ya milimita 6 kwenye shafti ya uma, unaivuta nje, na uma unalegea. Kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kwa asiyejua ni siku nzima ya kupiga nyundo na kulaani Wajapani.

Sasa tuwashe gari!

Klachi ni nzito kuliko nilivyozoea, lakini inashika taratibu, haina ubishi. Rivasi imehama: kwenye boksi la gia tano ilikuwa kulia chini, sasa iko kushoto juu, jirani na gia ya kwanza, na ili uipate unavuta juu pete iliyo chini ya kirungu cha mkono wa gia. Ukiiachia pete huwezi kuingia rivasi kwa bahati mbaya hata ungetaka. Kidole kinazoea haraka.

Asubuhi mafuta yakiwa baridi, gia ya kwanza kwenda ya pili ni ngumu kidogo. Usilazimishe. Ipe kilomita chache. Yakishapata joto, kila gia inaingia kama komeo la mlango wa chuma: unasukuma, unasikia klak, imekaa, na hakuna shaka kama imekaa. Ile GC8 ya kawaida mkono wake wa gia unacheza mkononi hata gia ikiwa imeingia. Hapa hauchezi. Nilikuwa nikibadilisha gia bila sababu, juu chini, juu chini, kwa raha yake tu.

Tulitoka Uriri kuelekea Awendo. Huko miwa ndiyo yenye barabara: trekta za kuvuta miwa kwenda Sony Sugar zinaingia lami zikitokea mashambani bila haraka, zimepakia kupita kiasi, na nyuma yake kuna foleni ya matatu, boda boda na malori ya kwenda na kutoka mpakani. Kuipita trekta ya namna hiyo unahitaji nguvu sasa hivi, si baada ya sekunde tatu. Gia ya tatu, nafasi imeonekana, kanyaga! Na ndipo nikaielewa giaboksi hii kwa mwili mzima. Kwenye boksi hili la Kijapani gia ya pili ni 2.375, ya tatu 1.761, ya nne 1.346. Maana yake ukibadilisha kutoka ya pili kwenda ya tatu injini ikiwa mizunguko 6,000, inatua kwenye 4,450 hivi. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, inatua karibu 4,600. Turbo haipati nafasi ya kusinzia. Gari halishtuki wala halisubiri. Linaendelea tu kuvuta, gia baada ya gia, mpaka unakumbuka kwamba sheria ya Kenya ina kikomo cha mwendo, na unaondoa mguu ukitabasamu.

"Omera, usilihurumie!" mwenye gari alinipigia kelele kutoka kiti cha abiria. Hilo ndilo hasa lililobadilika. Nimeendesha GC8 nyingi, na zote unaziendesha kwa adabu ya mtu aliyebeba mayai ya jirani. Hili nililikanyaga kutoka gia ya pili, nikalipandisha mlima kwa ya tatu nikiwa nimekanyaga mafuta hadi mwisho, na sikio langu halikutafuta kelele ya jino. Injini ni ile ile! Turbo ni ile ile! Kilichoongezeka ni ruhusa ya kuvitumia.

Tulikata tukaingia vumbi la Kanyamkago, barabara nyekundu zenye mashimo na kokoto. Hapo ndipo nilitarajia uzito ulalamike, kwa sababu boksi hili na difu yake vimeongeza kilo za kutosha. Pua ya gari inainama kidogo zaidi ukifunga breki, na kwenye kona ya ghafla unahisi kuna kitu kizito kati ya miguu. Kwa upande mwingine, difu ya nyuma ya STI inabana magurudumu yote mawili ya nyuma yakaribie kwenda pamoja, na gari linatoka konani limejipanga, likisukuma udongo bila kubabaika. Difu ya kati ni ya viskasi, nusu mbele nusu nyuma, aina ile isiyohitaji kompyuta yake ya pekee. Yapo maboksi ya STI yenye difu ya kati inayorekebishwa kwa kidude cha dereva, DCCD. Ni matamu, lakini yanadai kidhibiti na waya zake, na kwa gari la kutembelea Migori na Homa Bay mimi ningechagua hili hili la viskasi.

Kutoka Rongo tukashika barabara ya Homa Bay kupitia Rodi Kopany, na gia ya sita ikapata kazi. Kwa kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 2,750 kwa dakika. Si gari la kimya, wala sikutaka liwe kimya, lakini unaweza kuzungumza na mwenzako bila kupaza sauti hadi ziwa litokee mbele yako.

Gharama? Giaboksi si kitu cha kununua peke yake, na anayekutajia bei ya boksi tupu hajakutajia bei. Uliza bei ya seti: boksi, difu, ekseli, propela, klachi, flaiwili, maunti na mkono wa gia. Wauzaji wa spea za kutoka Japani, kuanzia Mombasa hadi Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, wanaijua lugha hiyo. Soma kibati cha boksi: herufi zianze na TY85, si TY75. Ingiza kila gia kwa mkono huku ukizungusha shafti ya mbele, usikie kama kuna inayokwaruza. Itikise shafti hiyo juu chini, isicheze. Fungua nati ya mafuta uiangalie sumaku. Muuzaji akikataa usifungue nati, ondoka dukani. Na gari likikamilika, iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi.

Wapo watakaosema ni bora kuuza GC8 na kununua STI nzima. Ningekubali zamani. Leo Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo STI za miaka ile zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na wenye nazo hawaziachii. Subaru walihitimisha EJ20 Japani mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555, namba ile ile iliyokuwa ubavuni mwa Impreza za rally. STI yenyewe ilisimama kutengenezwa mwaka 2021. Wenye Nissan Skyline na Toyota Supra wameshauona mwisho wa hadithi hii: giaboksi zao za Getrag za gia sita zinatafutwa kwa tochi, na bei zimepanda kiasi cha kutisha. Maboksi ya STI bado yanakuja kwenye makontena. Hayatakuja milele.

Kwa hiyo wewe mwenye GC8 uliye kati ya Isebania na Homa Bay, unayebadilisha gia ya tatu kwa woga: usingoje jino likatike ndipo uanze kuuliza. Tafuta seti nzima, mkague fundi wako kwa swali moja tu, uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma, na akikujibu bila kusita kwamba lazima ulingane, mpe ufunguo.